Kijana anayezamia baharini: Saa ya kununua na dakika za kuheshimu

Baba mmoja wa Maramba, wilayani Mkinga, ameniuliza swali ambalo safu hii haijawahi kulipokea. Mwanawe amepata nafasi ya kujifunza kazi ya kuongoza watalii wanaozamia kwa mitungi ya hewa huko Unguja, na ameambiwa aende na saa ya kufaa. Katika maduka ya Tanga mjini baba huyo ameonyeshwa saa ya shilingi 25,000 na nyingine ya karibu laki mbili. Zote zina maandishi kwamba haziingii maji. Anataka kujua kama ile ya bei kubwa ina faida kwa mwanawe, au ni jina tu analolipia kwa fedha za machungwa.

Mtu anaweza kusema hilo ni swali la fundi saa. Mimi naliona ni swali la daktari. Muuguzi hachomi sindano bila kujua kipimo cha dawa. Mtu anayepumua hewa ya mtungi chini ya maji naye anajidunga kitu kila dakika, na kipimo chake kinatokana na mambo mawili: amezama kina gani, na amekaa huko kwa muda gani. Saa ndiyo inayopima nusu ya kipimo hicho. Ikidanganya au ikizimika, mzamiaji hajui tena amejipa kiasi gani.

Kinachotokea mwilini

Takriban asilimia 78 ya hewa tunayovuta ni naitrojeni. Nchi kavu gesi hii huingia na kutoka bila kutusumbua. Mtu akizama, maji humgandamiza, na kila mita 10 za bahari huongeza mgandamizo sawa na ule wa hewa yote iliyo juu yetu tukiwa ufukweni. Akiwa mita 30 chini, anavuta hewa yenye mgandamizo mara nne ya ile ya juu. Naitrojeni huyeyuka katika damu, mafuta, neva na viungo vyake, na kadiri anavyokaa ndivyo inavyozidi kuyeyuka.

Akiwa chini haumwi kitu. Tatizo huja wakati wa kupanda. Chukua chupa ya soda ambayo haijafunguliwa: huoni povu. Ifungue taratibu, gesi itatoka kidogo kidogo. Ifungue ghafla, povu litamwagika mezani. Mzamiaji aliyekaa sana chini kisha akapanda haraka ni soda iliyofunguliwa ghafla. Mapovu ya naitrojeni hutokea kwenye damu na ndani ya viungo, hubana neva na kuziba mishipa midogo. Yakitokea kwenye uti wa mgongo, kijana mwenye afya anaweza kupooza miguu siku hiyo hiyo.

Ugonjwa huu umejulikana muda mrefu. Mwaka 1908 mtaalamu wa fiziolojia wa Uingereza, John Scott Haldane, na wenzake walichapisha majedwali ya kupanda kwa usalama baada ya kufanya majaribio kwa mbuzi. Tangu wakati huo kanuni imebaki ile ile: jua kina, hesabu dakika, panda polepole.

Katika pwani yetu si watalii pekee wanaozamia kwa mitungi. Unguja na Pemba wapo vijana wanaoitumia kuokota majongoo bahari, ambayo hukaushwa na kupelekwa masoko ya Asia Mashariki. Majongoo ya maji mafupi yakipungua, wao hufuata yaliyo mita 20, 30 na zaidi, mara kadhaa kwa siku, wengi bila mafunzo, bila kipima kina na bila saa. Hewa ya mtungi ikikaribia kwisha, hiyo ndiyo saa yao. Wapo waliorudi wamepooza, na wapo ambao hawakurudi. Kanuni za uvuvi za Tanzania Bara zinakataza kuvua kwa mitungi ya hewa. Mzazi anayeambiwa na mwanawe kwamba amepata kazi ya kuzamia ana haki ya kuuliza kwanza ni kazi gani, na nani atamfundisha.

Dakika ngapi zinaruhusiwa?

Shule za mbizi hutumia majedwali. Moja linalofundishiwa sana duniani, la PADI, linaruhusu kwa mbizi ya kwanza ya siku dakika 147 kwenye kina cha mita 12, dakika 56 kwenye mita 18, dakika 20 kwenye mita 30, na dakika 9 tu kwenye mita 40, ambayo ndiyo mwisho wa mbizi za burudani. Muda huo unahesabiwa kuanzia mtu anapoanza kuzama, si anapofika chini.

Angalia jinsi dakika zinavyopungua. Kwenye mita 12 kosa la dakika tano ni dogo. Kwenye mita 40 dakika tano ni zaidi ya nusu ya muda wote. Namba hizi nimezitaja ili mzazi aelewe ukubwa wa jambo. Zisimpe mtu yeyote ruhusa ya kuingia nazo baharini bila mwalimu.

Saa haifanyi kazi wakati wa kukaa chini peke yake. Inapima mwendo wa kupanda, ambao leo wataalamu wengi wanashauri usizidi mita 9 kwa dakika. Inapima kituo cha usalama, yaani kusimama mita 5 chini ya uso wa maji kwa dakika 3 kabla ya kutoka. Inapima mapumziko kati ya mbizi moja na nyingine, kwa sababu naitrojeni ya asubuhi haijaisha mwilini mchana. Tena inahesabu saa za kusubiri kabla ya kupanda ndege: angalau 12 baada ya mbizi moja ya kawaida, na angalau 18 kama mtu amezamia mara kadhaa au kwa siku mfululizo.

Kwa watu wa kwetu, kanuni hiyo ya ndege inahusu na milima. Hewa hupungua mgandamizo kadiri unavyopanda, kwa ndege au kwa basi. Kijana aliyezamia asubuhi asipande Amani wala Lushoto jioni ile ile. Alale pwani.

Maandishi ya kwenye saa

Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapopotezwa. Saa iliyoandikwa mita 30 haikutengenezwa kwa kuzama mita 30. Maana yake ni kwamba ilijaribiwa ikiwa mpya na ikiwa imetulia, kwa mgandamizo unaolingana na kina hicho. Katika matumizi, mita 30 ni saa ya kunawa mikono na kunyeshewa mvua. Mita 50 ni ya kuogelea kidogo. Mita 100 inatosha kuogelea na kutazama samaki kwa miwani na bomba la kupumulia. Kwa kuzamia na mtungi, anzia mita 200.

Kuna kipimo cha kimataifa cha saa za wazamiaji kinachoitwa ISO 6425. Saa inayodai kufuata kipimo hicho lazima ihimili angalau mita 100, na hujaribiwa kwa mgandamizo unaozidi kina chake kwa robo. Hujaribiwa pia kwa maji ya chumvi na kwa kugongwa, na lazima isomeke gizani kwa umbali wa sentimita 25. Saa za aina hiyo huandikwa neno DIVER'S pamoja na kina, mfano DIVER'S 200M. Zilizoandikwa tu WATER RESISTANT 200M hazikupitia majaribio hayo yote, ingawa baadhi yake ni imara.

Mambo ya kuangalia dukani

Kwanza, pete inayozunguka kioo. Saa ya mbizi ya mishale ina pete yenye alama ya dakika. Kabla ya kuzama, mzamiaji huizungusha alama ya sifuri ikae kwenye mshale wa dakika. Baadaye akitupia jicho, mshale unamwonyesha amekaa dakika ngapi. Pete nzuri huzunguka upande mmoja tu, kinyume na mwendo wa mishale. Ikigongwa na mtungi au ngazi ya boti, itaonyesha kwamba amekaa muda mrefu kuliko ukweli, naye atapanda mapema. Hakuna anayeumia kwa kupanda mapema akiwa anapanda polepole. Pete inayozunguka pande zote mbili inaweza kumfichia dakika, kwa hiyo iache.

Pili, kinobu cha kurekebishia mishale. Kiwe cha kufunga kwa kuzungusha kama kifuniko cha chupa. Kile cha kusukuma tu huachia maji kwa urahisi zaidi.

Tatu, mwanga. Ingia nayo chumba cha giza. Kama huoni mshale wa dakika na alama ya sifuri, hiyo ni saa ya sherehe.

Nne, mkanda. Raba au nailoni inafaa. Ngozi huoza kwa maji ya chumvi. Mkanda uwe mrefu wa kufunga juu ya vazi la kuzamia.

Tano, uhalisi. Kuandika 200M kwenye kioo hakugharimu kitu, na saa bandia ni nyingi. Nunua kwa muuzaji anayetoa risiti na dhamana, na anayekubali kukurudishia fedha. Kama mjini yupo fundi mwenye mashine ya kupima mgandamizo, mpe aipime kabla kijana hajaondoka.

Lipo jaribio dogo la nyumbani. Ipashe saa joto la wastani, kama la kuishika muda mrefu kiganjani au kuiacha juani kidogo. Kisha weka tone la maji baridi juu ya kioo kwa dakika moja na ufute. Ukiona ukungu umebaki kwa ndani, kuna unyevunyevu umeshaingia. Usiponuona, umejua tu kuwa ndani ni kukavu leo. Jaribio hili halithibitishi kwamba saa itahimili kina.

Ya bei gani?

Sasa nimjibu baba wa Maramba. Saa ya shilingi 25,000 yenye maandishi ya mita 200 siwezi kuiamini kwa kazi hii. Lakini pia hakuna haja ya saa ya mamilioni. Casio imekuwa ikitengeneza saa ya mishale inayojulikana kwa jina la Duro, ya mita 200, yenye pete ya upande mmoja na kinobu cha kufunga, ambayo kwenye masoko ya nje huuzwa chini ya dola 100 za Marekani. Haina cheti cha ISO 6425, ila wengi huitumia. G-Shock za namba za kawaida nazo ni za mita 200, hazina pete lakini zina kipima muda. Anayeweza kuongeza fedha atapata saa za Seiko au Citizen zenye neno DIVER'S, na baadhi ya Citizen hujichaji kwa mwanga, hivyo hazihitaji kufunguliwa mara kwa mara kubadilisha betri.

Hata hivyo saa ya mishale haijui kina. Lazima iambatane na kipima kina na jedwali, na mvaaji awe amefundishwa kulisoma. Kompyuta ya mbizi, ambayo nayo huvaliwa mkononi, hupima kina na muda kwa pamoja, hukokotoa naitrojeni iliyoyeyuka na kulia mtu akipanda haraka. Zile za kuanzia huuzwa nje kwa kama dola 200. Kwa kijana atakayezamia kila siku kikazi, ushauri wangu ni kwamba shule impe au impangishie kompyuta wakati wa mafunzo, naye aanze na saa nzuri ya bei ya kati kama akiba yake. Akianza kupata mshahara, kompyuta iwe kitu cha kwanza kununua, kabla ya simu mpya. Kompyuta ikizimika chini ya maji, saa ndiyo itakayomrudisha juu kwa utaratibu.

Saa janja za kupokelea ujumbe wa simu, nyingi zikiwa za mita 50, si za kazi hii, isipokuwa chache zilizotengenezwa maalumu kwa mbizi.

Kama fedha hazitoshi kwa vyote, mpangilio wangu kama daktari ni huu: mafunzo kwanza, kipimo cha afya pili, saa tatu. Pumu, kifafa, upasuaji wa sikio, pafu lililowahi kupasuka, na makovu ya kifua kikuu kwenye mapafu ni mambo ya kumwambia daktari kabla ya kuzamia. Hewa ikinaswa katika pafu lenye kovu, hutanuka wakati wa kupanda na inaweza kulipasua. Kwa sababu hiyo hiyo mwenye mtungi haruhusiwi kuzuia pumzi anapopanda, hata kwa mita chache.

Kuitunza

Kinachozuia maji ndani ya saa ni vipete vidogo vya raba. Vinazeeka kwa chumvi, joto na miaka, hata kama saa haijatumika sana. Baada ya kila mbizi, iloweke kwenye maji baridi yasiyo na chumvi, kisha uikaushe kwa kitambaa. Usivute kinobu wala kubonyeza vitufe ukiwa chini ya maji. Usiivae kwenye maji ya moto.

Siku ya kubadilisha betri ndiyo ya hatari zaidi. Fundi akifungua mfuniko wa nyuma, vipete vikaguliwe, vibadilishwe vikiwa vimekauka au kukatika, na saa ipimwe tena mgandamizo. Bila hivyo, saa ya mita 200 imekuwa ya kunawia mikono.

Wanaozamia kwa pumzi

Katika vijiji vya pwani ya Mkinga wapo wengi wanaozamia bila mtungi, kufuata pweza na samaki. Kwao hatari kuu ni kuzimia ndani ya maji. Mtu akipumua haraka haraka kabla ya kuzama, hupunguza kaboni dayoksaidi mwilini, na hiyo ndiyo gesi inayomfanya ahisi haja ya kuvuta hewa. Oksijeni inaweza kwisha kabla hajahisi lolote, akapoteza fahamu kimya kimya.

Hapa hata saa ya kawaida ya mita 100 au 200 ni msaada. Kanuni rahisi ni kupumzika juu ya maji angalau mara mbili ya muda uliokaa chini: aliyezama dakika moja apumzike mbili. Tena asizamie peke yake. Mmoja akiwa chini, mwenzake awe juu akimtazama.

Dalili ambazo familia lazima izijue

Dalili za ugonjwa wa wazamiaji huanza mara nyingi ndani ya saa chache baada ya kutoka majini, na nyingi huwa zimejitokeza kabla ya saa 24. Nazo ni maumivu makali ya bega, kiwiko au goti yasiyo na jeraha, kuwashwa au madoa ya ngozi, uchovu usio wa kawaida, ganzi, miguu kukosa nguvu, kushindwa kukojoa, kizunguzungu, kifua kubana na kukohoa, kuchanganyikiwa.

Kijana aliyetoka mzima kwenye maji akashindwa kusimama saa moja baadaye huwatisha watu, na pwani yetu wapo watakaosema amepigwa na jini la bahari. Simdharau mtu kwa imani yake. Dua isomwe gari likiwa njiani. Kila saa inayopita mapovu yanaendelea kuua neva, na neva za uti wa mgongo hazioti upya kama nywele.

Fanya haya. Mlaze chali, asikae wala kutembezwa. Apewe oksijeni safi mara moja. Shule nzuri ya mbizi huwa na mtungi wake kwenye boti, na hilo ni swali la kuuliza kabla ya kulipa ada. Kama ana fahamu na anameza vizuri, mpe maji ya kunywa. Usimrudishe majini kwa nia ya kumtibu. Usimpeleke kwa njia ya milimani, na akisafirishwa kwa ndege iruke chini sana au iwe ya kudhibiti mgandamizo. Mpeleke hospitali yenye oksijeni. Kwa mkoa wetu, Hospitali ya Rufaa ya Bombo.

Tiba kamili ni chumba cha mgandamizo, ambamo mgonjwa hurudishwa kwenye mgandamizo mkubwa akipumua oksijeni, kisha hupunguziwa taratibu. Vyumba hivyo ni vichache sana Afrika Mashariki. Vinavyofahamika zaidi kwa wazamiaji wa pwani yetu ni vya Unguja na Mombasa. Kwa hiyo shule ieleze mapema mgonjwa atapelekwa wapi, kwa chombo gani, na nani atalipa. Shirika la kimataifa la DAN hutoa bima ya wazamiaji na lina simu ya dharura ya saa 24. Kijana aulize kama ameandikishwa.

Mkifika hospitali, neno la kwanza liwe kwamba mgonjwa alikuwa anazamia kwa mtungi. Bila hilo daktari wa zamu anaweza kufikiria kiharusi, malaria kali au jeraha la mgongo. Kisha mwambieni alizama mita ngapi, dakika ngapi, mara ngapi, na alitoka majini saa ngapi. Kijana aliyezoea kuangalia saa yake na kuandika daftari la mbizi huwa na majibu hayo yote, na huenda daftari hilo likamwokoa akiwa hawezi kusema.

Kwa mzazi anayejiandaa kumsindikiza kijana wake, mfundisheni jambo moja nyumbani kabla ya safari. Avae saa, azungushe pete, na kila mnapomuuliza ghafla aseme ni dakika ngapi zimepita bila kubahatisha. Baharini kuna samaki wa kupendeza, kuna mteja anayetaka kuendelea, na hewa bado ipo kwenye mtungi. Vyote hivyo vitamwambia abaki kidogo. Saa ikisema muda umekwisha, apande, polepole, hata kama mwenye boti atanuna.